Bi Kizibao na Uyoga wa Kuvundika

Enyi mliokusanyika, wa mbele mlioketi na wa nyuma mliosimama, wenye nyumba na wageni wa nyumba, wazee wetu wenye haki ya kusema kwanza na watoto wenye haki ya kusinzia kwanza: nawasalimu kwa adabu, na ninaomba masikio yenu kama mtu aombavyo moto kwa jirani. Ngano niliyowaletea ni ya chini ya gogo, na chini ya gogo ni giza. Niitikieni, nisiingie peke yangu.

Nifunue?

— Funua!

Nikikuta cha kutisha?

— Funua, tupo!

Nikikuta cha kuchekesha?

— Funua, tupo!

Basi hapo kale, katika msitu uliopakana na mashamba ya migomba, palianguka mvule. Mvua ikaunyea, jua likaupiga, mvua ikaunyea tena, hata gome likaachana na mti, na mti wenyewe ukawa laini kama mkate uliolowekwa. Ndani yake ukaingia mji. Alikuwako Jongoo na miguu yake isiyokwisha. Alikuwako Nge na hasira zake. Alikuwako Konokono. Na alikuwako mdudu mmoja wa kike, mweusi, mwembamba, asiyezidi punje ya mpunga.

Mdudu huyu hakuwa na jina. Waliokwenda kuwapa viumbe majina walianza kwa simba, wakaja kwa tembo, wakashuka mpaka kwa chungu. Walipomfikia yeye jua lilikuwa limewachwea, wakaenda zao. Majirani ndio waliomwita Bi Kizibao, kwa ajili ya vazi lake. Mende ana joho limfunikalo mpaka nyuma. Bi Kizibao ana kizibao tu, kinaishia katikati ya mgongo, na tumbo lote liko nje. Aliyemwona alidhani fundi alipungukiwa kitambaa. Asilolijua ni kwamba chini ya kizibao kile mlikuwa na mabawa mawili marefu, yamekunjwa, yakakunjwa tena, kama leso ya harusi sandukuni. Mwenyewe aliyakunjua kwa nadra, kwa kuwa kuyarudisha ni kazi, na nusu ya kazi hiyo huifanya kwa mkia.

Masika yalipokolea, uyoga mmoja ukachomoza ubavuni mwa gogo, mweupe, mpana, kofia yake kama sinia. Bi Kizibao akataga humo. Mayai yakaanguliwa, wakatoka watoto: hawana mabawa, hawana kizibao, na miguu yao ni ya kujivuta tu.

Sheria ya watoto wale ni moja. Uyoga unavyooza ndivyo wanavyokua. Ukioza kidogo, wananenepa. Ukioza kabisa, ukawa maji meusi, hapo ndipo wanaposhuka udongoni na kujizika, ili watoke wakiwa watu wazima. Na uyoga ukiliwa kabla haujaoza, wameliwa nao.

Asubuhi moja ndege wakanyamaza.

Bi Kizibao alikuwa chini ya kofia ya uyoga, akasikia gogo zima linatikisika. Kitu kizito kimekaa juu yake. Hakikubisha hodi. Kisha zikaja kucha.

Kwaruu, gome likabanduka. Jongoo akajiviringa. Tafu, tafu, tafu. Jongoo hayupo.

Kwaruu, gome likabanduka. Nge akainua mkia. Kwanyu, mkia ukatupwa kule. Tafu, tafu, tafu. Nge hayupo.

Alikuwa Nyani, dume la manyani, mwenye mabega kama milango miwili.

Konokono alikuwa karibu, nusu ndani ya nyumba yake, nusu nje. Akanong'ona, "Shoga, wewe una mabawa. Ruka."

"Na hawa?"

"Utazaa wengine."

"Wewe, Konokono, umebeba nyumba yako mgongoni. Ndiyo maana ni rahisi kwako kuwashauri wenzio wahame."

Konokono akaingia, akaufunga mlango kwa ute.

Kwaruu. Gome la mwisho likabanduka, na mwanga wote ukamwangukia Bi Kizibao kwa mkupuo. Juu yake palikuwa na pua, na chini ya pua meno, na mkono ulikuwa tayari unaufuata uyoga. Akatoka. Akasimama juu ya kofia, akainua mkia kama nge ainuavyo, vile alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alivyofundishwa na mama yake. Kwa hila hiyo ukoo wao uliwahi kuwatisha mijusi, ukawatisha na vyura.

Nyani akacheka.

"Nge wa kweli nimemkwanyua sasa hivi, ladha yake ingali ulimini. Wewe nikukwanyue nini, kizibao?"

Akamnyanyua kwa vidole viwili. Bi Kizibao akahisi yale maji yake machungu, maji ya moto ambayo ukoo wao huyaficha mwilini, yanaomba kutoka. Akayazuia. Amtemeaye jitu hapati nafasi ya kusema neno la pili, na yeye alihitaji maneno mengi.

"Bwana Mkubwa," akasema, na sauti ikatetemeka pasipo kuigizwa, "kunila utanila. Ila huo uyoga, nakusihi, usiule mbichi."

"Mbichi?"

"Mbichi, Bwana. Utakukereketa koo."

"Nimekula uyoga tangu nilipoota meno."

"Na ndizi nazo ulizila tangu ulipoota meno."

Vidole vikasita.

Habari ile msitu wote uliijua, maana Nyani mwenyewe aliisimulia kila alipoketi juu ya gogo, na waliokuwa chini ya gogo hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Miaka yote aliiba ndizi mbichi mashambani, akazila na utomvu wake, zikamkaza mdomo, akadhani ndizi ndivyo zilivyo. Hata siku moja akafukua shimo nyuma ya nyumba ya mtu, shimo lililofunikwa majani ya mgomba, likatoka joto na harufu, na ndani mna ndizi za manjano, laini, tamu kama asali. Watu walikuwa wamezivundika. Tangu siku hiyo Nyani alijiona mwanachuoni.

"Unataka kuniambia uyoga huvundikwa?"

"Mimi niseme nini, Bwana? Mimi kidudu, wapi na wapi mimi na elimu ya kuvundika? Nasikia tu kwamba katika msitu huu aijuaye ni mmoja."

"Nani huyo?"

"Bwana Mkubwa ananiuliza mimi jina lake mwenyewe?"

Nyani akajikuna kidevu. Akautazama uyoga, mweupe kama ndizi iliyomenywa kabla ya wakati. Akamtazama Bi Kizibao.

"Vema. Nitauvundika. Lakini wewe huendi popote. Utakaa hapa." Akajigonga shavu. "Ukiwa mkweli, nitakutema. Ukiwa mwongo, sina haja hata ya kukutafuta. Nameza mate tu."

Akamtia kinywani, akamsukuma kwa ulimi mpaka katika mfuko wa shavu.

Mle ndani palikuwa na joto na giza, na harufu ya Jongoo. Meno yalipanda na kushuka kando yake kama michi ya kutwangia. Kila Nyani alipomeza mate, ukuta wa shavu ulimvuta Bi Kizibao kuelekea kooni, naye alijishikiza kwa miguu yake yote, macho ameyakaza kusiko na cha kuona. Hakulia. Aliogopa kwamba akilia atamtekenya, akimtekenya atameza.

Nyani akaenda mashambani, akarudi na majani ya mgomba. Akaufunika uyoga, jani juu ya jani, akaweka mawe pembeni kama alivyoona watu wakiweka, akaketi kando yake, mikono magotini.

Jua likachwa, jua likacha. Akamtema Bi Kizibao kiganjani.

"Umeiva?"

"Unanukia, Bwana?"

Nyani akainama, akanusa. "Haunukii."

"Ndizi isiyonukia huila?"

"Siili."

"Basi bado."

Akamrudisha shavuni.

Bi Kizibao hakuweza kuwaona watoto wake, wala kuwagusa. Alilobakiwa nalo ni sauti, nayo ni ndogo. Akaimba mle gizani, na sauti ikapenya shavu, ikapenya majani:

*Kuleni, wana, mtambe, msiache hata chembe,*
*Kisha shukeni, mchimbe, udongo hauna wembe.*

Nyani alichosikia ni zii, zii, zii. "Unafanya nini shavuni mwangu?"

"Naimba wimbo wa kuvundika, Bwana. Kwani watu shambani hawauimbi?"

Nyani hakuwahi kuusikia. Lakini mwanachuoni hakiri. "Huuimba," akasema. "Naujua tangu zamani." Na ili asionekane hajui, naye akaanza kuunguruma kwa kuufuatisha: mm, mm, mm. Mle chini ya majani watoto wakasikia sauti ya mama yao na ya lile jitu zikienda pamoja. Wakatulia, wakala.

Wakaja kwale, mke na mume na vifaranga, wanapekua majani makavu: pekupeku, pekupeku. Bi Kizibao alizisikia nyayo zao. Kwale ndio wavunao watoto wa ukoo wake kila masika, nao hawazungumziki. Nyani akaruka.

"Bohu! Tokeni hapa. Hiki kimevundikwa."

"Kimevundikwa nini, Bwana?" akauliza kwale mume.

"Uyoga."

Kwale wakatazamana. "Uyoga," akasema kwale mke polepole, kama mtu aonjaye chumvi.

"Hamna elimu ninyi. Tokeni."

Wakatoka. Mama kwale akawaambia wanawe, "Tembeeni kwa heshima. Hakuna kucheka mpaka tuupite mti ule."

Jua likachwa, jua likacha. Akamtema kiganjani.

"Umeiva?"

"Unanukia, Bwana?"

"Unanukia kidogo. Kama ndizi iliyosahauliwa kapuni."

"Umelainika?"

Nyani akabonyeza kwa kidole. "Bado mgumu."

"Ndizi ngumu huila?"

"Siili."

"Basi bado."

Akamrudisha shavuni. Lakini sasa mambo yalibadilika mle ndani. Nyani hakutaka kuondoka mahali pale, asije akaibiwa. Na kwa kuwa hakuondoka, hakula. Na kwa kuwa hakula, akaanza kutafuna bure. Tafu, tafu, tafu, na kinywani hamna kitu ila yeye. Michi ilipanda ikashuka. Safari moja jino lilibana ukingo wa kizibao chake, likakiachia. Bi Kizibao akajikunja pembeni, akauvuta mkia chini ya tumbo. Alifikiri: siogopi kufa kwangu peke yake, naogopa kufa leo, na uyoga haujawa maji. Akaimba, na wimbo ukatoka umekatikakatika.

Jua likachwa, jua likacha. Akamtema kiganjani. Macho ya Nyani yalikuwa mekundu.

"Umeiva?"

"Unanukia, Bwana?"

"Unanukia mpaka machozi yananitoka."

"Umelainika?"

"Kidole kinazama."

"Rangi?"

"Madoa meusi." Mkono ukaanza kufunua. "Umeiva. Nakula."

Bi Kizibao alijua: madoa si maji. Wakubwa miongoni mwa watoto huenda wameshuka, wadogo bado.

"Ule, Bwana. Ni haki yako. Nilitaka tu kuuliza, kwa kuwa sina elimu. Ndizi yenye madoa machache na ndizi yenye madoa mengi, tamu zaidi ni ipi?"

Nyani alilijua jibu. Akachukia kwamba alilijua. Akautazama uyoga hata kivuli cha mti kikasogea.

"Yenye mengi," akasema.

"Basi Bwana ameamua mwenyewe. Wazee walisema, mvumilivu hula mbivu."

Akamrudisha shavuni, akafunga kinywa kwa kishindo.

Jua likachwa, jua likacha; na safari hii Nyani hakuuliza. Akamtema kiganjani, akaondoa mawe, akaondoa majani, jani baada ya jani. Harufu ikapanda. Palipokuwa na sinia jeupe palikuwa na ziwa dogo jeusi, lenye povu. Katikati yake bua la uyoga lilisimama bado.

"Onja wewe kwanza," akasema Nyani.

Akamteremsha. Bi Kizibao akatazama ndani ya ziwa: hamna mtu. Akatazama udongo uliolizunguka, akaona vijitundu vya kuingilia, kila kimoja kimezibwa kwa ndani. Wamekwenda. Akainamisha kichwa akaonja, na ilikuwa ladha ya nyumbani, ladha aliyozaliwa ndani yake.

Nyani akamkodolea macho. "Tamu?"

"Bwana, tangu nizaliwe sijaonja kitamu kuliko hiki."

Hapo hapakuwa na uongo hata wa kupima kwa ncha ya sindano. Nyani alimtazama kwa makini, akitafuta mtetemo, asiuone. Akaridhika. Akamrudisha kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na kiganja akakiacha wazi, maana kidudu chenye kizibao tu kitakimbilia wapi? Kwa mkono wa kulia akalishika bua.

Ndipo Bi Kizibao akaona. Kwenye bua, chini kidogo ya kidole gumba cha Nyani, palikuwa na tundu, na kwenye tundu mkia mweupe unajivuta. Alikuwa mtoto wake wa mwisho, mzito wa kula, mzito wa kushuka.

Hofu yote ya shavuni ilikuwa mazoezi. Hii ndiyo hofu yenyewe. Bua lilikuwa linapanda kuelekea kwenye yale meno.

"Bwana Mkubwa," akasema, polepole.

"Nini tena?"

"Siku hizi ndizi huliwa na ganda?"

Bua likasimama njiani. "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Naona tu Bwana ameanza na bua."

Nyani akatazama huku na huku, kama kuna aliyemwona. "Nilikuwa nalitoa," akasema. Akalikwanyua, akalitupa nyuma yake bila kugeuka. Tapu, likaanguka majanini.

Kisha akachota. Akachota kiganja tele, akatia kinywani, akameza. Fyoo.

"Tamu?" akauliza Bi Kizibao.

Nyani shingo ilimpanda ikamshuka. Masikio yalimlala. Lakini alikwisha kuwaambia kwale, alikwisha kuuimba wimbo, alikwisha kukaa na njaa akilinda.

"Tamu," akasema, na ili athibitishe akachota tena. Fyoo.

Tumbo likajibu kabla yake. Nguru. Nguruguru. Nguruguruguru. Macho yakamtoka, akamgeukia yule aliyekuwa kiganjani, na vidole vikaanza kujikunja kumzunguka kama boma linalofungwa.

"Wewe—"

Kizibao kikafunguka. Yakatoka mabawa: yakakunjuka, yakakunjuka tena, hata Nyani akasahau kufumba mkono kwa kuyatazama. Na yale maji machungu aliyoyazuia tangu siku ya kwanza, Bi Kizibao akayaacha yote pale kiganjani, kama mgeni aachavyo shukrani. Frrr.

Pa! Nyani akapiga makofi, akakamata upepo. Akajifuta macho kwa kiganja kilekile. Hapo msitu ukamsikia. Alikimbia akitapika na kulia, akagonga mti huu, akagonga mti ule, hata kwale walioapa kutembea kwa heshima walishindwa.

Bi Kizibao hakuruka mbali. Alishuka majanini penye bua, akaketi mbele ya tundu, akaanza kuyakunja mabawa kwa mkia. Akakosea, akaanza upya. Kucha zilikwisha kwenda, naye bado alizisikia. Hakuondoka mpaka mtoto wa mwisho alipojivuta nje, akakuta udongo, akachimba, akaufunga mlango wake kwa ndani. Konokono akafungua wa kwake, akachungulia.

"Ameshaondoka?"

"Ameondoka."

"Nilikwambia usiogope," akasema Konokono.

Nyani aliporudi kwa wenzake, macho yamevimba, wakamuuliza, "Vipi, mwanachuoni, uliiva?"

"Uliiva sana," akajibu. "Ulikuwa mtamu kupita kiasi, na mimi vitamu si mpenzi wavyo."

Ndiyo maana hata leo nyani akibandua gome hunusa kwanza. Na walio chini ya gome, mpaka amalize kunusa, hawapumui.

Mafunzo ya ngano hii nimeagizwa niyafikishe bila kuyapunguza. Ndugu zangu, tusiwaongopee wakubwa wetu, hasa wakiwa na njaa. Tuamini elimu yao, maana wanaijua wao. Na zaidi ya yote tushike subira, kwani mvumilivu hula mbivu: Nyani alivumilia, na kula alikula. Atakayeuliza alikula nini, huyo hakulelewa.

Nimefunua.

— Funika!

Nafunika polepole, nisimfinye aliye chini. Nami sikuwa wa kwanza kuifunua. Nyuma ya nyumba yetu kule Muheza palikuwa na shimo la kuvundikia ndizi, na mwenye shimo, kila alipoinua jani la juu, alingoja kidogo kabla ya kutia mkono, ili wenye mabawa watangulie kutoka. Tulipomuuliza kwa nini, alituketisha akatusimulia haya. Mwenye shimo huyo ni Bi Mwajabu binti Semkiwa.